Kaimati, Hamira na Joto la Pwani

Wapishi wengi wa Kilwa na Lindi wamepata kukutana na jambo hili. Msichana hufundishwa na bibi yake kupika kaimati katika mwezi wa Ramadhani, naye hushika vipimo vyote barabara: unga wa ngano vikombe viwili, hamira kijiko kimoja cha chai, sukari kijiko kimoja, chumvi kidogo, iliki iliyotwangwa, na tui zito kikombe kimoja na kitu. Bakuli hufunikwa kwa muda wa saa moja na nusu. Miaka kumi baadaye msichana yule, sasa mama mwenye nyumba, anafuata maagizo yale yale. Anapofunua bakuli anakuta unga umefurika ukingoni, umenywea katikati, na unanuka uchachu. Adhana ya magharibi imekaribia, na ngano hailimwi pwani; unga ule umenunuliwa dukani kwa fedha. Kosa liko wapi?

Kosa haliko katika mikono ya mpishi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku zipatazo 11, kwa hiyo Ramadhani huzunguka majira yote na kurudi mahali pake baada ya miaka 33 hivi. Mwaka 2015 ilianza katikati ya Juni, wakati wa kipupwe, upepo wa kusi ukivuma. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, wakati joto la kaskazi halijaisha. Maagizo ya bibi yalikuwa sahihi kwa jiko la Juni. Ili kuona kwa nini hayakufaa katika jiko la Machi, yatupasa kwanza kuijua hamira yenyewe.

Hamira ni kiumbe hai. Ni kuvu wa chembe moja moja, wadogo kiasi kwamba hawaonekani ila kwa hadubini, na wataalamu huwaita Saccharomyces cerevisiae. Zile punje kavu tunazonunua katika pakiti ni mamilioni ya kuvu hao waliokaushwa na kulala. Wakipata maji na uvuguvugu huamka na kuanza kula sukari. Katika kazi hiyo hutoa vitu viwili: kileo, yaani alkoholi, na gesi ya kabonidayoksaidi, ambayo wengine huiita hewa ya ukaa. Kutoka kila molekuli moja ya glukozi hutoka molekuli mbili za alkoholi na mbili za gesi. Louis Pasteur wa Ufaransa alionyesha, katika miaka ya 1850 na 1860, kwamba uchachu wa namna hii ni kazi ya viumbe hai. Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner aliponda hamira, akakamua maji yake, akaona kuwa maji yale, yasiyo na chembe hata moja iliyo hai, bado yaliweza kuchachusha sukari. Hivyo ikajulikana kwamba watenda kazi hasa ni vimeng'enya vilivyomo ndani ya chembe.

Gesi inayotoka si haba. Gramu moja ya glukozi, ikichachuka yote, hutoa gesi inayozidi kidogo robo lita. Kijiko cha chai cha sukari ya kawaida, chenye gramu nne hivi, huweza kutoa zaidi ya lita moja. Tena unga wenyewe una wanga, na vimeng'enya vya unga huukata wanga huo taratibu kuwa sukari. Ndiyo sababu unga usiotiwa sukari huumuka pia, ingawa kwa kuchelewa.

Watu wa pwani hawakuhitaji pakiti ya dukani ili kuujua uchachu. Tembo la mnazi likigemwa asubuhi huwa tamu; kufikia jioni limekwisha kuchacha, wala hakuna aliyelitia kitu, kwa kuwa hamira za mwituni zimo hewani, katika maua ya mnazi na katika kibuyu cha mgema. Huko Goa na Sri Lanka waoka mikate wametumia tembo kuwa ndiyo hamira yao. Na kaimati zenyewe ni za ukoo wa kale. Jina limetoka katika Kiarabu, lenye maana ya matonge madogo, na kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 kinaeleza chakula cha jamii hiyo hiyo: unga uliochachuka, ukakatwa vipande vidogo, ukakaangwa kwa mafuta ya ufuta na kutiwa katika shira. Mkulima wa ufuta wa Kilwa au Nachingwea atafurahi kusikia hayo.

Walimu wanaweza kuionyesha gesi hiyo darasani kwa gharama ndogo, na hapa wenyeji wa Kilwa wana bahati ya pekee. Twaa chupa, tia maji ya uvuguvugu, vijiko viwili vya sukari na kijiko kimoja cha hamira. Ziba mdomo wa chupa kwa kizibo kilichopitishwa mpira mwembamba, na ncha ya pili ya mpira uichovye katika bilauri ya maji ya chokaa. Maji ya chokaa hupatikana kwa kukoroga chokaa iliyozimwa katika maji mengi, kuiacha itulie, kisha kumimina maji meupe ya juu. (Chokaa huunguza macho, mwalimu aishike mwenyewe.) Baada ya muda mapovu yataanza kupanda katika bilauri, na maji yaliyokuwa maangavu yatageuka kama maziwa.

Ule weupe ni nini? Ni kalsiamu kaboneti, yaani kitu kile kile yanachojengwa nacho matumbawe ya baharini. Mafundi waliojenga Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa katika Kilwa Kisiwani, ule mji ambao Ibn Battuta aliuzuru mwaka 1331, walichoma matumbawe juu ya kuni ili kupata chokaa. Moto mkali uliifukuza kabonidayoksaidi kutoka katika jiwe. Chokaa iliyobaki ikazimwa kwa maji, ikajengewa, na ukutani ikaanza tena kuivuta gesi hiyo kutoka hewani, ikarudi kuwa jiwe. Katika bilauri ya darasani hamira inaifanya kazi hiyo hiyo mbele ya macho, kwa dakika chache badala ya miaka. Sijui jaribio jingine linalounganisha jikoni na magofu kwa karibu namna hii.

Sasa turudi kwenye joto. Kazi ya vimeng'enya huongezeka kadiri jotoridi linavyopanda, na kwa kadirio la jumla, kati ya nyuzi 20 na 30 hivi za Sentigredi, mwendo wa hamira huwa karibu mara mbili kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Tuchukue mfano wa jiko lenye nyuzi 25 na jingine lenye nyuzi 30. Tofauti ni nyuzi tano tu, lakini mwendo unazidi kwa kadiri ya mara 1.4. Unga uliohitaji dakika 90 katika jiko la kwanza utakuwa tayari kwa dakika kama 64 katika jiko la pili. Ukiachwa hadi dakika 90 utakuwa umepita wakati wake kwa karibu nusu saa, na mapovu yatakuwa yamejaa mno hata kuta zake zikapasuka. Pamoja na hayo, vijidudu vya uchachu mwingine, vile vinavyogandisha maziwa, navyo hustawi katika joto. Hutoa asidi, na ndiyo ile harufu aliyoikuta mpishi wetu. Tui, ambalo katika joto la pwani huchacha kwa saa chache, huharakisha mambo ikiwa halikukamuliwa siku ile ile.

Kwa hiyo mpishi autazame unga, asiitazame saa. Unga ukiwa umefikia kiasi cha mara mbili ya ulivyokuwa, na uso wake umejaa vitundu, uko tayari. Njia rahisi ni kutia donge dogo la unga huo katika bilauri nyembamba na kufunga uzi mahali ulipofikia. Donge likifika mara mbili ya urefu wake, na bakuli limefika. Siku za joto kali mtu aweza kupunguza hamira hadi nusu kijiko, au kuchelewa kukoroga. Wanafunzi wenye kipimajoto wanaweza kuandika jotoridi la jiko na dakika za kuumuka kwa siku kadhaa, kisha wachore grafu; katika mwaka mmoja shule itakuwa na jedwali la Kilwa Masoko au la Mingoyo lenye manufaa kuliko maagizo ya kitabu kilichoandikwa katika nchi ya baridi.

Jambo jingine la joto ni tui lenyewe. Hamira hufa jotoridi linapokaribia nyuzi 60. Tui lililotoka jikoni likimiminwa juu ya hamira, unga hautaumuka kamwe, hata ungengojewa hadi daku. Tui liwe vuguvugu, lisiloudhi kidole.

Gesi peke yake haitoshi; lazima ipate mahali pa kukaa. Unga wa ngano una protini ambazo zikilowana na kupigwapigwa huungana na kuwa utando unaonyumbuka, uitwao gluteni. Utando huo ndio unaoyazuia mapovu, kama mpira wa puto. Unga wa mchele hauna gluteni. Ndiyo maana kitumbua, ingawa nacho huumuliwa kwa hamira na tui, ni lazima kimiminwe katika chuma chenye vishimo vya kukishika mpaka wanga wake ugande kwa moto, ilhali kaimati husimama yenyewe katikati ya mafuta. Unga wa kaimati ni mwepesi kuliko wa maandazi, haukandwi mezani. Hupigwa kwa mkono ndani ya bakuli, ukiinuliwa na kuachwa uanguke, mpaka uvutike bila kukatika. Dakika kumi za kupiga si nyingi. Chumvi, hata ile kidogo, huukaza utando huo na kuipunguza hamira pupa yake.

Mafuta yawe na nyuzi kama 170 hadi 180. Pasipo kipimajoto, dondosha tone la unga: likizama na kuibuka papo hapo likizungukwa na mapovu, mafuta yako tayari, likikaa chini, bado, likigeuka rangi ya kahawia mara moja, yamezidi. Unga huchotwa kwa mkono wa kushoto, ukaminywa utokeze kati ya kidole gumba na cha shahada, na kijiko kilicholowana kikaudondosha katika karai. Huko gesi hutanuka, maji hugeuka mvuke, na vyote viwili husukuma pande zote kwa nguvu sawa. Ndiyo sababu tonge lisilo na umbo hugeuka kuwa mviringo. Hamira hufa katika dakika hizo. Protini na sukari za usoni huungana na kuleta rangi ya dhahabu na harufu njema, mabadiliko yaliyoelezwa na Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912.

Watu husema kaimati zimekunywa mafuta kwa kuwa zilikaa sana motoni. Hiyo ni nusu ya kweli. Wakati wa kukaanga, mvuke unaotoka huyazuia mafuta yasiingie. Mafuta mengi huingia kaimati zinapotolewa: mvuke wa ndani hupoa na kuwa maji, nafasi hubaki tupu, na mafuta yaliyoganda juu ya ngozi huvutwa ndani. Basi zichujwe upesi na kukung'utwa zingali zinachemka, kabla hazijapoa. Mafuta yasiyo na moto wa kutosha huongeza hasara, maana ngozi huchelewa kukauka. Karai lisijazwe kupita nusu, na likishika moto lifunikwe; asilimwagie mtu maji.

Imebaki shira. Sukari vikombe viwili na maji kikombe kimoja huchemshwa pamoja. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100, lakini kadiri maji yanavyopungua na sukari kuzidi, jotoridi la kuchemka hupanda. Likifika nyuzi 110 hivi, sukari imekuwa kama sehemu nne katika tano za uzito wa shira, na tone lililopozwa kwenye sahani likiguswa kwa vidole viwili hutoa uzi. Hapo kaimati, zikiwa zimepoa kidogo, humiminwa ndani.

Kuanzia hapa wapishi hugawanyika. Wengine hugeuza kaimati kwa mwiko bila kupumzika mpaka shira inakuwa nyeupe na kukauka: msukosuko huzifanya molekuli za sukari zijipange kuwa fuwele ndogo ndogo. Wengine hukamua ndimu katika shira inapochemka. Asidi ya ndimu huvunja baadhi ya sukari kuwa glukozi na fruktozi, nazo huzuia fuwele zisijipange, hivyo shira hubaki inang'aa kama kioo. Kwa macho, zile za ndimu ni nzuri zaidi, nami nazipenda kwa ladha. Lakini fruktozi huvuta unyevu, na hewa ya Lindi ina unyevu mwingi. Zikilala hadi asubuhi ngozi yake huwa imelowa na kunata. Mwenye kupika ili auze kesho yake sokoni na afanye zile nyeupe. Zile za ndimu ziliwe usiku ule ule, pamoja na kahawa chungu.