Plasta Haiondoi Uchafu wa Kidonda

Katika maduka ya dawa ya Mbagala, Tandika na Charambe plasta ya kubandika hupatikana kwa urahisi, na wakazi wengi huamini kuwa dawa iliyomo katika kitambaa chake cha kati itaua vijidudu vyote. Sivyo. Mchanga ukibaki ndani ya kidonda, plasta huufunika tu.

Mkato mdogo wa kisu au mchubuko huoshwa kwanza kwa sabuni na maji safi yanayotiririka. Bomba lisipotoa maji, ndoo na kikombe vyatosha. Damu isimamishwe kwa kukandamiza kitambaa safi, ngozi ikaushwe, ndipo plasta ibandikwe pasipo kugusa sehemu yake ya kati. Kwa joto na jasho la Dar es Salaam hulowana upesi, hivyo ibadilishwe kila siku na kila inapolowa. Majivu, dawa ya meno na mafuta ya taa visipakwe kabisa.

Msumari ni jambo jingine. Tundu lake huonekana dogo, lakini huingia ndani, mahali pasipofika hewa, na huko ndiko bakteria wa pepopunda hustawi. Aliyechomwa, hata asipotoka damu, afike zahanati na kueleza ni lini alichanjwa mara ya mwisho. Aliyeng'atwa na mbwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, bila plasta.