Si Uzee Tu

Juma lililopita nilimtembelea mama mmoja mkongwe wa kanisa letu. Nilimkuta amelala, hali chakula, ameshika tumbo. Nikamwuliza mwanawe kama wamempeleka hospitali. Akanijibu, "Pasta, huyu haumwi. Ni uzee tu." Maneno hayo nimeyasikia katika nyumba nyingi. Leo tuyapime, tuone kama ni ya kweli.

Mwaka 1890, katika nchi ya Uholanzi, alizaliwa mtoto wa kike aliyekuja kuitwa Hendrikje van Andel-Schipper. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia, wala hakufika kilo 2. Nani angalidhani ataishi? Lakini alifariki mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 115.

Alipokuwa na miaka 82 aliahidi kwamba akifa, mwili wake upewe Chuo Kikuu cha Groningen ili madaktari wajifunze. Alipofika miaka 111 aliwapigia simu, akiogopa kwamba mwili wa mzee kama yeye hautawafaa tena. Kumbe ndio waliouhitaji zaidi!

Wakampima akili akiwa na miaka 112, na tena 113. Wakaona anawashinda watu wengi wa miaka 60 na 70. Alipokufa waliuchunguza ubongo wake, wasione karibu dalili yoyote ya ugonjwa wa Alzheimer, ule unaomfanya mzee asahau hata majina ya watoto wake. Basi, ndugu zangu, kupotewa na akili si sharti la uzee, ni ugonjwa. Bibi akisahau njia ya kurudi nyumbani, tusimwite mchawi. Ni mgonjwa anayehitaji kutunzwa.

Hata hivyo mwili una mpaka wake. Damu yetu hutengenezwa na seli mama zilizo ndani ya mifupa, nazo ni maelfu. Mwaka 2014 wataalamu walieleza kwamba sehemu kubwa ya seli nyeupe za damu ya bibi huyu zilitoka katika seli mama 2 tu. Nyingine, yaonekana, zilikuwa zimechoka na kufa.

Sasa sikilizeni neno hili. Alipokuwa na miaka 100, bibi huyu alipatikana na saratani ya titi. Je, jamaa zake walisema, "Ni uzee tu"? La. Alitibiwa, akaishi miaka 15 zaidi. Na mwisho wake aliuawa na saratani ya tumbo. Hata katika miaka 115, kilichomwua kilikuwa ugonjwa wenye jina.

Tunajua amri ya kuwaheshimu baba na mama. Twadhani tumeitimiza tukiwapa kiti cha mbele arusini. Lakini kumheshimu mzazi ni pamoja na kuuliza anaumwa wapi, na kumfikisha kwa daktari kama vile tungempeleka mtoto wetu.

Mama yule tulimpeleka hospitali siku ya pili yake, mwanawe akimshika mkono. Bado twangojea jibu la daktari. Na wewe msikilizaji, mzee wako nyumbani anaumwa wapi? Leo, kabla hujalala, nenda ukamwulize.