Piki-piki Itoapo Moshi wa Buluu

Yeyote apandaye kutoka Beni kwenda Butembo amekwisha kuziona: piki-piki za abiria zikipambana na milima ya Kabasha, nyuma zikiacha moshi wa buluu. Safari ni ya kilometa 54 hivi, na Butembo iko juu kuliko Beni kwa zaidi ya mita 500. Mota iliyochoka haifichi ugonjwa wake katika njia hiyo.

Mtoto wa dada yangu, motari wa mjini Beni, alipatwa na shida hiyo. Piki-piki si mali yake. Kila jioni humpelekea mwenyewe fedha walizopatana, na kinachobaki ndicho chakula cha nyumba na ada ya shule ya watoto watatu. Fundi mmoja alimwekea pete mpya za pistoni kwa bei ndogo. Baada ya majuma matatu moshi ukarudi.

"Mjomba, nimeibiwa," akaniambia.

Mimi sikuafiki. Fundi yule hakuwa mwizi. Alikosa kupima tu. Maana silinda hailiki sawasawa. Pistoni ishukapo kwa nguvu ya moto huegemea upande mmoja wa ukuta, na ipandapo huegemea upande wa pili. Hivyo tundu la duara huwa kama yai, tena hulika zaidi juu, mahali penye moto mkali na mafuta haba. Vumbi la kiangazi huzidisha hasara, hasa kwao waondoao chujio ili mota ivute hewa vizuri. (Hewa hupita kweli, na mchanga nao.) Pete mpya ni za duara, zitazibaje tundu la yai?

Basi tukaifunga silinda katika gunia, tukaenda Butembo kwa fundi mzee mwenye mashine ya kuchonga.

"Pistoni iko wapi, Mwalimu?"

"Tutainunua baadaye, Papa."

Akacheka, akazima mashine. Silinda hufuata pistoni, alisema, wala si pistoni kufuata silinda. Silinda ya Bajaj Boxer ya 100 ina upana wa milimita 53. Pistoni za kubadilisha huongezwa 0.25, 0.50, 0.75, hata milimita 1 nzima. Lakini pistoni mbili zenye alama moja huweza kutofautiana kidogo, na nafasi kati ya pistoni na ukuta ni sehemu chache tu za mia za milimita, nyembamba kuliko unywele. Ikizidi, mota hugonga na kula mafuta. Ikipungua, pistoni huvimba kwa joto na kukwama, labda mteremkoni, abiria wakiwa wawili nyuma.

Alipima juu, katikati na chini, kila mahali mara mbili kwa njia ya msalaba. Robo ya milimita haikutosha. Tukanunua pistoni ya 0.50. Kijana wetu akafurahi akidhani atapata mbio. Kumbe ujazo huongezeka chini ya sentimita 2 katika 100!

Hata injini za mvuke za James Watt zilisumbuliwa na jambo hili: mvuke ulivuja kwa kuwa silinda hazikuwa duara kamili. Mwingereza John Wilkinson, aliyebuni mashine ya kutoboa mizinga mwaka 1774, ndiye aliyemchongea silinda zilizofaa.

Baada ya kisu kukata, mzee aliingiza mawe ya kusugulia, akaacha mikwaruzo membamba yenye kupishana. Niliiona kuwa kazi mbaya, kumbe mikwaruzo hushika mafuta. Kisha akaiosha kwa maji moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Alituonya pia kwamba silinda nyingine za siku hizi zimepakwa ganda gumu, nazo hazichongwi hivi. Na kwamba moshi waweza kutoka kwenye vali, kwa hiyo kupima hutangulia kulipa.

Lakini kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote ilibaki Beni. Mota iliyochongwa yataka kilometa mia kadhaa za mwendo wa upole, mzigo mwepesi, na kubadilishiwa mafuta mapema. Motari atapataje upole huo, na mwenye piki-piki angoja fedha zake kila jioni? Tulikaa naye saa mbili. Kwanza alikataa. Nikamwonyesha pete za zamani, zilizodumu majuma matatu, na bei zake. Mwishowe akakubali nusu ya malipo kwa siku kumi, na kijana akaahidi abiria mmoja mmoja, wala asiende Butembo kabla ya siku hizo kutimia.

Siku ya kumi na moja alikuja kwangu asubuhi. Tulisimama nyuma ya piki-piki, tukaiwasha, tukatazama.

"Huoni kitu, Mjomba?"

"Sioni kitu."

Akapakia abiria, akashika njia ya Kabasha.