Waliotoka KNCU, na Vyuo Vilivyovunja Ligi ya Marekani

Kwa miaka mingi kahawa ya Kilimanjaro ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea. Mkulima alivuna, akamenya na kukausha, kisha akaipeleka kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi cha kijijini kwake. Chama cha msingi kiliikabidhi kwa KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoandikishwa mwaka 1933 kurithi kile cha mwaka 1925. Ikakobolewa Moshi mjini, ikauzwa mnadani, na mkulima akabaki kungojea malipo ya pili.

Mlango huo haukupendwa na wote. Mwaka 1937 zilizuka ghasia mlimani, wakulima wakikataa kulazimishwa kuuza kupitia KNCU peke yake. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vyote nchini. KNCU ilifufuka mwaka 1984. Pigo lililobadilisha mambo kweli lilikuja katikati ya miaka ya 1990, biashara ya kahawa ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaanza kupanda mlimani na fedha taslimu mkononi.

Hapo vyama vya msingi vikaanza kupiga hesabu. Chama chenye kahawa safi kiliona kahawa yake ikichanganywa na ya wengine, makato ya chama kikuu yakichukua sehemu ya bei, na malipo ya pili yakichelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, vyama 32 vilijitenga na kupeleka kahawa yao mnadani wenyewe. Wakaitwa G32, na jina hilo likawaganda. Pa kukopea napo palikuwapo: Benki ya Ushirika ya Kilimanjaro, ambayo vyama vya msingi vyenyewe vilikuwa na hisa ndani yake.

Lawama zikawaangukia waliotoka. Gharama za chama kikuu, yaani majengo, mishahara na madeni, hazipungui kwa sababu wanachama wamepungua. Zinagawanywa kwa kilo chache zaidi, na wanaobaki ndio wanaozibeba. Kwa hiyo aliyeondoka alionekana amewakimbia ndugu zake. Waliotoka walijibu kwamba hawakuukimbia ushirika, kwa kuwa vyama vyao vya msingi vilikuwa bado ni ushirika. Walichokikimbia ni makato.

Ugomvi wa sura hiyohiyo umeutikisa mchezo wa vyuo vikuu vya Marekani. Huko timu za futiboli ya Kimarekani hucheza katika makundi ya vyuo yanayoitwa konferensi, na fedha kubwa hutoka kwenye televisheni. Awali haki za televisheni ziliuzwa na chama kimoja cha taifa, NCAA. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba utaratibu huo unazuia ushindani. Baada ya muda konferensi zikaanza kujiuzia, na kila chuo chenye watazamaji wengi kikaanza kujiuliza kwa nini kigawane na wadogo.

Mwaka 2021 Texas na Oklahoma walitangaza kwamba wanahama konferensi ya Big 12 kwenda ile ya SEC. Mwaka uliofuata USC na UCLA, vyuo vya Los Angeles, wakaaga Pac-12 na kujiunga na Big Ten, yenye wanachama hadi New Jersey, upande wa pili wa bara. Kufikia mwisho wa 2023, vyuo kumi kati ya kumi na viwili vya Pac-12 vilikuwa vimetangaza kuondoka. Wakasalia Oregon State na Washington State. Mashabiki huwalaumu waliotangulia kutoka. Lawama hiyo ina haki kidogo: waliotoka walipita kwenye mlango ambao mahakama ilikuwa imeshaufungua, kama soko huria lilivyoufungua ule wa Moshi.

Mfano huo lakini una mpaka wake. Marekani fedha za televisheni zilikuwa zikiongezeka, na vyuo viligombea sehemu ya donge lililokuwa likikua. Kilimanjaro donge lilikuwa likisinyaa. Bei zilipoanguka, mibuni mingi ilikuwa imezeeka na vihamba, yaani mashamba ya ukoo, vimegawanywa kwa watoto na wajukuu hadi vikawa vipande. Wengine waling'oa mibuni wakaongeza migomba, mahindi na majani ya ng'ombe wa maziwa. KNCU na G32 waligombea magunia ambayo kila muongo yalikuwa machache kuliko uliotangulia.