Anayekuja kuhesabu na anayekuja kuiba



Juma lililopita, mama mmoja wa kundi letu alifika kwenye mkutano wa akiba bila feza. Vijana wawili walikuwa wamepita kwake mchana, wamevaa jile na kushika fishi mkononi. Walisema wametumwa na serikali kuhesabu watu, na kwamba kila jamaa itakayoandikwa itapata gunia la unga. Wakaomba franka 5 000 za kuandikisha. Kisha wakaomba simu yake na namba yake ya siri, eti feza za msaada zitapitia humo. Jioni simu ilikuwa tupu. Minerval ya mtoto wake wa sekondari ilikuwa ndani.

Hatumcheki. Jambo hilo lingeweza kumpata yeyote kati yetu.

Wala hatusemi tufungie kila mgeni mlango. Hesabu ya watu wote katika nchi yetu ilifanyika mwaka 1984, wakati wa Zaïre. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wana watoto wao. Tangu hapo, madarasa, visima na dawa vinapangwa kwa kukadiria tu. Sisi walimu tunaona matokeo yake: watoto wanne kwenye benchi la wawili. Hesabu ya kweli ikija, tuipokee. Wezi wanajua tunaingojea, ndiyo maana wanavaa jina lake.

Basi tuwatambue namna gani?

Hesabu ya kweli haiji kimyakimya. Inatangazwa kwanza kwenye redio, kanisani, msikitini na kwa shefu wa kartie. Mtu aliyetumwa ana kadi ya kazi yenye picha na jina, na barua ya kutumwa, ile tunayoita ordre de mission. Hakasiriki tukiomba kuvisoma.

Maswali yake ni ya nyumba: wanaolala hapa ni wangapi, wana miaka mingapi, nani anasoma, nani anafanya kazi, maji mnateka wapi. Haombi feza, hata franka 100. Haombi namba ya siri ya simu. Hachukui kadi yetu ya uchaguzi kwenda nayo. Na hesabu ya watu haigawi unga.

Kuna pia wachunguzi wa afya, ambao si wezi. Hao huweza kupima uzito wa mtoto, au kuomba tone la damu kidoleni ili kuangalia malaria na upungufu wa damu. Lakini wanaeleza sababu na kuomba ruhusa kwanza. Mama ana haki ya kukataa.

Tukiwa na shaka, tuseme hivi: « Karibuni, ngojeni kidogo tumwite shefu wa avenue. » Tumtume jirani, nasi tubaki nje pamoja nao. Mwenye kazi ya kweli atangoja au atarudi kesho. Mwizi atakumbuka ghafula kwamba ana haraka.

Tuwafundishe watoto pia, kwa sababu wezi wanapenda saa ambayo mama yuko sokoni. Mtoto aliye peke yake asifungue mlango, asitoe simu, asiseme mama anarudi saa ngapi. Ajibu tu: « Mama anakuja. »

Na kama tumekwisha kudanganywa? Tupige simu mara moja kwa kampuni ya simu ili konti ifungwe, tubadilishe namba ya siri, tumwambie shefu na polisi. Tusifiche kwa sababu ya haya. Mama yetu alinyamaza siku tatu akiogopa maneno ya nyumbani, na katika siku hizo vijana wale wale waliingia nyumba mbili zaidi kwenye avenue ile ile.

Mkutano ujao tutaanza na jambo la minerval ya mtoto wake. Kila mmoja aje na alicho nacho.