Skuli Iliyogeuzwa Gereza

Katika Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, pana majengo manne ya ghorofa mbele ya kiwanja. Ayaonaye kwa mbali hudhani ni skuli, wala hakukosea. Ndivyo yalivyokuwa kabla ya 1975. Leo ni nyumba ya makumbusho iitwayo Tuol Sleng.

Tarehe 17 Aprili, 1975, wapiganaji wa Khmer Rouge, wakiongozwa na Pol Pot, waliuteka mji huo wakawatoa wakazi wake na kuwapeleka mashamba. Fedha zikafutwa, skuli zikafungwa, na ibada za dini zikapigwa marufuku. Skuli hii wakaifanya gereza la siri, jina lake S-21. Mkuu wake, Kaing Guek Eav aliyeitwa Duch, hapo kwanza alikuwa mwalimu wa hesabu.

Mgeni aingiapo huona vyumba vya kusomea vyenye vitanda vya chuma na pingu. Vingine vimegawanywa kwa kuta za matofali kuwa vijichumba vya mtu mmoja mmoja. Baraza za juu zimezibwa kwa seng'enge, mfungwa asipate kujitupa akafa kabla ya kuhojiwa. Kisha huziona picha. Kwani kila aliyeletwa alipigwa picha: wazee, vijana, hata mama aliyempakata mtoto wake mchanga.

Zaidi ya watu 12,000 waliingia humo, na waliosalimika ni wachache mno. Wengi walikuwa wafuasi wa utawala ule ule. Mtu aliteswa mpaka akakiri uhaini asioujua na kuwataja wenziwe. Waliotajwa wakakamatwa, nao wakawataja wengine. Vann Nath aliachwa hai kwa kuwa alijua kuchora, na wakubwa walitaka picha za Pol Pot. Baadaye aliyachora mateso aliyoyaona, na picha hizo zimo humo hata leo.

Ndugu zetu Waislamu wa huko, Wacham, walipatwa na msiba mkubwa nchini kote. Misikiti ilifungwa, Misahafu ikachomwa, wakalazimishwa kula nguruwe, na vijiji vyao vikatawanywa. Mwaka ule ule wa 1975 watu wa Koh Phal na Svay Khleang waliinuka kuitetea dini yao, wakauawa kwa wingi.

Majeshi ya Vietnam yaliuangusha utawala huo tarehe 7 Januari, 1979. Haki ilichelewa. Duch alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2012, akafa 2020. Mwaka 2018 Nuon Chea, aliyekuwa wa pili kwa Pol Pot, alipatikana na hatia ya mauaji ya kuangamiza Wacham na Wavietnam.

Enyi vijana, lizingatieni jambo hili: wengi wa walinzi wa gereza lile walikuwa vijana wa umri wenu, waliotolewa vijijini na kufundishwa kutii bila ya kuuliza. Elimu peke yake haikumzuia mwalimu wa hesabu, wala utii haukumwokoa mlinzi, kwani walinzi nao walikamatwa wakauawa. Nanyi wazazi, mtoto anayezoezwa nyumbani kutomsingizia mwenziwe, na kukataa dhuluma hata iamrishwe na mkubwa, ameandaliwa kwa siku nzito.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliodhulumiwa, na atuepushe na kuwa madhalimu.