Mdudu-kibibi na Mgeni Wake Shambani

Ndugu wanavikundi, mahindi yakitoa mbelewele, vidukari hujazana hapo wakifyonza utomvu. Wengi wetu kutoka Diani hadi Msambweni hukimbilia dawa. Ngojeni kwanza! Je, mmemwona mdudu-kibibi, yule mdogo wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi? Chakula chake ni vidukari. Watoto wake hawafanani naye: ni warefu, weusi-weusi, wana miguu sita. Watu huwaponda wakidhani ni waharibifu, kumbe nao hula vidukari.

Dawa huua adui pamoja na mlinzi. Lakini kidukari jike huzaa bila dume, kwa hiyo adui ndiye hutangulia kurudi.

Sasa kuna mgeni. Mwaka 2011 wataalamu waliandika kwamba mdudu-kibibi wa Asia amepatikana pwani yetu ya kusini. Huyu hana rangi moja: yuko wa chungwa, mwekundu, hata mweusi. Ulaya na Marekani alipelekwa makusudi ale wadudu, akaenea kupita kiasi. Kazi anaifanya, lakini vidukari wakipungua hula mayai na watoto wa wenzake wa kienyeji.

Tufanyeje? Tusimwinde, maana ni rahisi kuua wetu kwa makosa. Tuwalinde wa kienyeji: kagueni shamba kila wiki, msinyunyize ovyo, acheni mimea ya maua pembeni.

Bungua aliyejificha ndani ya bua, mdudu-kibibi hamfikii. Huyo muulizeni afisa wa kilimo.